Ua au Mtoto

Kwenye mgongo mmoja wa dungusi, juu kidogo ya kitakia kinachoshika miiba, siku moja huchomoza shungi la manyoya ya kijivu lisilozidi punje ya mtama. Mwenye kulitunza huliona kabla ya mtu mwingine yeyote, na tangu hapo hana raha, kwa kuwa shungi hilo laweza kuwa ua na laweza kuwa mtoto. Siku za mwanzo hakuna jicho liwezalo kujua. Likirefuka na kuchongoka huku manyoya yakizidi kuwa meusi, ni ua. Likiviringika na kuanza kuota vijiiba vyake lenyewe, ni mtoto, na mahali hapo ua limekwenda.

Nasema juu ya Echinopsis, madungusi ya mviringo yenye migongo, ambayo kwangu mimi ndiyo bora kuliko yote yanayopangwa kwenye vibaraza vya mji wetu wa Mpanda, mkoani Katavi. Wengine huyapita na kwenda kwenye yale yenye kichwa chekundu au cha njano yanayong'aa. Hayo ni madungusi mawili yaliyobandikwa pamoja. Wajapani ndio walioanza kuyaeneza, miaka ya 1940. Kichwa hakina umbijani hata kidogo, kinaishi kwa jasho la shina lililo chini yake, na shina likichoka vyote viwili hufa. Ni mazuri kuuzia. Kuyatazama mwaka mzima ni kazi isiyo na habari mpya.

Kinachoamua baina ya ua na mtoto ni namna mmea ulivyopumzika. Dungusi lililonyweshwa bila kikomo, likashibishwa samadi na kuwekwa kivulini, halioni sababu ya kuchanua. Hunenepa na kuzaa watoto pembeni. Lililonyimwa maji kwa miezi kadhaa, likapata jua kali mchana na ubaridi usiku, ndilo linalotoa maua. Mtunza mchicha husifiwa kwa kumwagilia. Hapa anayesifiwa ni yule aliyeweza kupita na ndoo iliyojaa mbele ya mmea uliokunjamana, asiupe hata kikombe.

Na kwa kunyima maji, Katavi ni mwalimu mkali. Mvua hukatika mwezi wa tano, na hadi Oktoba inapokaribia kwisha huwa ni anga tupu. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, Mto Katuma husinyaa ukabaki madimbwi, na viboko hubanana kwa mamia wakigombania tope. Usiku wa Juni na Julai humtafutisha mtu blanketi. Miyombo hupukutisha majani. Kisha, mnamo Septemba, tone la kwanza likiwa bado mbali, miyombo hiyo hiyo hutoa majani mapya mekundu, kwa maji iliyoyaweka akiba ndani yake tangu masika. Dungusi la kibarazani hufanya hesabu ile ile: mashungi hujitokeza wakati mmea unaonekana mkavu kabisa.

Ajabu ni kwamba vitabu vingi vya madungusi vimeandikwa Ulaya, na mwenye kuvifuata hapa neno kwa neno ataua mimea yake. Vinasema weka kopo kwenye dirisha linalotazama kusini, na anza kumwagilia mwezi Machi. Lakini Mpanda iko nyuzi sita na ushei kusini mwa ikweta. Jua hutupita utosini mwanzoni mwa Oktoba na tena mwanzoni mwa Machi. Miezi ya katikati ya mwaka hukaa upande wa kaskazini, na kuanzia Oktoba huhamia kusini. Kibaraza kilichoelekea kaskazini huchomwa Juni na kuwa kivuli Desemba. Kwa hiyo makopo yetu huhama mara mbili kwa mwaka, na huhama polepole, maana dungusi lililozoea kivuli likitupwa ghafla kwenye jua la Oktoba huungua ubavu mmoja na kubaki na kovu la rangi ya udongo maisha yake yote. Hofu ya mtunzaji wa Ulaya ni barafu. Hofu yetu ni mvua ya Januari, inayonyesha siku tatu mfululizo na kuozesha mizizi kabla mwenyewe hajagundua.

Dawa ya hofu hiyo iko kwenye udongo. Ule mweusi, mnono, unaosifiwa bustanini, ni kaburi. Kinachofaa ni mchanga wa mto, vipande vya tofali la kuchoma vilivyopondwa, na pumba za mpunga zilizochomwa zikawa mkaa, ambazo katika mkoa wetu wa mpunga hurundikana nyuma ya mashine za kukoboa. Chombo hakina cheo: kopo la rangi, ndoo iliyopasuka, sufuria iliyotoboka, ilimradi maji yana pa kutokea. Yakibaki chini, hata siku mbili, uozo hupata nyumba. Wadudu weupe, vidung'ata, wakija huondolewa mmoja mmoja kwa pamba yenye spiriti, kazi inayochosha macho kuliko kushona.

Mtu wa hapa si mgeni kabisa wa mimea ya namna hii. Wafugaji wa Kisukuma waliohamia Katavi hupanda minyaa kuzunguka makazi na mazizi yao, na porini, juu ya vichuguu, husimama jamaa zake wakubwa wasio na majani, matawi yote yakiinuka pamoja. Wengi huiita yote madungusi. Kwa kweli ni mimea ya ukoo mwingine, iliyofikia umbo hilo kwa kupambana na ukame ule ule. Cha kuitenganisha na madungusi ni kitakia kile nilichoanza nacho: kila dungusi linacho, na hakuna mmea mwingine duniani ulio nacho. Ndimo hutoka miiba, ndimo hutoka ua, ndimo hutoka mtoto. Ukoo wa madungusi ni wa Amerika, isipokuwa kwamba dungusi moja jembamba, Rhipsalis baccifera, hukua lenyewe hata Afrika, likining'inia mitini kwenye misitu yenye unyevu.

Ua likishajulikana kuwa ua, mrija wake hurefuka kwa siku nyingi, hadi kupita urefu wa kiganja. Jioni moja, jua likishuka, hufunguka mbele ya macho yako ukiwa na subira ya kukaa kitini. Saa zake ni za usiku, na mmea wenyewe nao ni wa usiku: mchana hufunga vitundu vyake vya kupumulia ili usipoteze maji, na giza likiingia huvifungua, ukavuta hewa ya ukaa na kuiweka akiba mpaka jua litoke. Harufu ya ua huita nondo wakubwa wenye mirija mirefu. Kesho yake, joto likipanda, limelegea. Majirani huuliza faida ya kungoja mwaka mzima kwa ajili ya usiku mmoja, nami huona wamehesabu vibaya, kwa kuwa mashungi, makovu, kusinyaa na kujaa tena vyote vilikuwa vya kutazamwa.

Mtoto naye ana ufundi wake. Husokotwa kidogo akaachia, wakati wa ukavu, kisha huwekwa kivulini wiki moja au zaidi mpaka kidonda kifanye kigaga. Hulazwa juu ya mchanga mkavu, na maji hayaguswi mpaka mizizi ionekane. Kila anayepita getini ana ombi lile lile: "Mama, naomba kale kamoja ka pembeni." Nako hutolewa. Hivyo mtoto wa Kashaulili huenda Makanyagio, wa Makanyagio akazaa, mjukuu akafika Nsemulwa ndani ya mfuko.

Hapo pana tatizo ambalo wagawaji hawalioni. Mtoto wa pembeni ni mama yule yule, hana tofauti naye hata chembe, na Echinopsis wengi hawashiki mbegu kwa chavua yao wenyewe. Vibaraza vya mitaa mitatu vyaweza kuchanua usiku mmoja, nondo akavizungukia vyote, na lisipatikane tunda hata moja. Anahitajika mgeni, dungusi la mama mwingine, lililoshuka na treni ya Tabora au basi la Sumbawanga ndani ya boksi la sabuni. Likichanua sambamba na la hapa, brashi ndogo yatosha kupeleka chavua. Tunda huiva baada ya wiki kadhaa, limejaa mbegu nyeusi ndogo kama ulezi, na miche yake haitafanana na mama wala yenyewe kwa yenyewe. Kuiona ikitoa shungi la kwanza kwaweza kuchukua miaka mitatu na zaidi, nalo shungi hilo likija, laweza kuwa ua au mtoto.