Kipimo Chumba Hiki, Kitelezi Chumba Kile

Waliotoa GNOME 44, mazingira ya eneo-kazi ya Linux, tarehe 22 Machi 2023 waliijenga upya paneli ya kipanya vizuri, halafu wakaitia doa kwa uamuzi mmoja. Mmeiona wenyewe. Picha zinazojongea, zinazoonyesha kitufe kikuu ni kipi na ukurasa unasogea upande gani: safi. Swichi ya mchapuko, ambayo ufunguo wake ulilala ndani ya mfumo miaka kadhaa ukifikiwa kwa programu ya ziada ya Tweaks: imechelewa, lakini imefika. Dirisha la kujaribia: zuri. Na ugomvi wangu uko hapohapo, kwenye dirisha la kujaribia.

Lifungue, bofya mara mbili. Ukienda haraka linakuhesabia mbofyo maradufu. Ukichelewa kidogo, linahesabu mmoja, kisha mmoja tena. Haya, umeshajua tatizo lako ni nini. Sasa tafuta kitelezi cha kuongeza muda kati ya mbofyo na mbofyo. Panda juu, shuka chini, hakipo. Kiko kwenye paneli ya Ufikivu, ile yenye alama ya mtu aliyetanua mikono, ndani ya kijisehemu cha kuelekeza na kubofya. Kipimo kimewekwa chumba hiki, dawa imefungiwa chumba kile, na mlangoni hakuna hata kibao cha kukuelekeza. Ni kama mpagazi wa Unyanyembe aambiwe mzigo wake uko hapa Tabora na kamba ya kuufungia iko Ujiji.

Mtaniambia kitelezi kilihamishwa zamani, GNOME 44 imekikuta huko. Najua. Ndiyo maana nakasirika zaidi. Katika toleo hilohilo paneli ya Ufikivu nayo ilipangwa upya. Fundi alikuwa na vyumba viwili wazi, fanicha yote iko uani, na bado akalirudisha kabati pasipo pake. Urithi ni udhuru wa mtu ambaye hakugusa kitu. Hawa waligusa kila kitu.

Uamuzi huu unadhani kwamba muda wa kubofya ni haja ya mtu mwenye ulemavu peke yake. Njooni Ntalikwa, hapa Tabora, mwone. Mzee wangu mmoja, mikono imeshika jembe la tumbaku miaka arobaini, alikaa mbele ya kompyuta ya mtumba akabofya folda kwa adabu kabisa: mbofyo, akavuta pumzi, mbofyo. Folda ikabadilika rangi tu. "Mwanangu, hiki kinafunguka siku kikitaka," akaniambia. Ufunguo wa muda huo katika GNOME umepangiwa milisekunde 400. Windows wao wamezoea 500. Mtu aliyeshika kipanya kwa mara ya kwanza jana, milisekunde 400 hazimtoshi. Hana ulemavu wowote, na hata akiujua mlango wa Ufikivu hataugusa, kwa sababu akili yake inamwambia humo si kwake. Kwa hiyo anakubali kwamba kosa ni la vidole vyake.

Tena hilo ni nusu ya tatizo. Mgeni wa kipanya anapobofya mara mbili, mkono husogea katikati. Ukisogea vya kutosha huku kitufe kimebanwa, mfumo unadhani anaburuta. Kiwango cha kusogea kabla ya kuhesabiwa kuwa umeburuta kina ufunguo wake, drag-threshold, nao umewekwa pikseli 8. Huo haukupewa hata chumba cha uani. Wakati huohuo swichi mpya ya mchapuko imewekwa mahali pa heshima. Sikatai, mcheza gemu anahitaji mwendo ulionyooka, ambapo mkono ukisogea kiasi kilekile mshale nao unasogea kiasi kilekile, haraka au polepole. Ila katika darasa langu la kompyuta sijawahi kumwona mwanafunzi akilia kwa ajili ya mchapuko. Kubofya mara mbili kumewatoa wengi jasho.

Wenye umri wangu mnaikumbuka taa. Katika GNOME 2, ile iliyoanza Juni 2002, paneli ya kipanya ilikuwa na kitelezi cha muda wa kubofya na kando yake picha ya taa ya umeme. Unasogeza kitelezi, unabofya taa mara mbili, inawaka. Isipowaka unasogeza tena. Kiwango cha kuburuta nacho kilikuwa papo hapo. Haikuwa na picha inayojongea, haikuwa na pembe za mviringo, na aliyeichora huenda hakujua kuchora. Lakini kipimo na dawa vilikaa bega kwa bega, hata mtoto alijua afanye nini bila kusoma neno la Kiingereza. GNOME 3 ilipokuja Aprili 2011 hadithi ya kupunguza ikazidi. Waliokataa wakajenga MATE juu ya msimbo ule wa zamani, na mimi, nikiri, bado naiweka kwenye mashine za wazee.

Hoja ya upande wa pili ni ya zamani pia. Havoc Pennington, mmoja wa watengenezaji wa GNOME, aliiandika mwaka 2002: kila chaguo lina gharama yake, ukijaza paneli unamchanganya mtu. Hoja nzuri. Kasoro yake ni kwamba imegeuka kufuli. Februari 2007 Linus Torvalds, muasisi wa Linux, aliyechoka kubishana na watu wa GNOME, aliacha maneno akatuma viraka vya Metacity, programu yao ya kusimamia madirisha, ili mtumiaji achague kitufe cha kati na cha kulia vifanye nini juu ya upau wa dirisha. Funguo za kazi hiyo zimo hadi leo, na paneli haikuzipa mlango. Na hapa hatukuwa tunaomba chaguo jipya hata moja! Kitelezi kipo, kimeandikwa, kinafanya kazi. Kilichotakiwa ni kukihamisha.

Msidhani nawaonea GNOME peke yao. Washindani wao, KDE, walikuwa mashujaa wangu kwa kufungua faili kwa mbofyo mmoja, kisha Plasma 6 yao ya tarehe 28 Februari 2024 ikaingia mkumbo wa mibofyo miwili. Huku GNOME, kwa haki, programu yao ya Faili inakuruhusu kuchagua mbofyo mmoja, na maktaba ya libinput iliyo chini yao inachuja vizuri mitetemo ya vitufe vilivyochakaa, jambo la maana sana kwa vipanya tunavyonunua mnadani.

Yule mzee nilimfungulia terminali nikaandika mstari mmoja wa amri ya gsettings, nikaupeleka ufunguo wa double-click hadi 800. Akabofya, akavuta pumzi yake, akabofya. Folda ikafunguka. Akaniuliza nimebonyeza wapi, ili naye akamfanyie mkewe nyumbani, nami nikaanza kumweleza habari za mtu aliyetanua mikono.