Kiti Kinachokunywa Mafuta

Viti vingi vya ngozi tunavyokalia, hata katika magari ya bei kubwa, vimepakwa juu utando mwembamba wa rangi na plastiki. Mkono hugusa utando huo, ngozi yenyewe iko chini. Utando huzuia maji, jasho na wino wa kalamu. Mwenye gari akipitisha kitambaa chenye unyevu, kazi imekwisha. Ngozi isiyofunikwa haina kinga hiyo. Rangi yake imezama ndani, vinyweleo vyake viko wazi, na ukiitazama kwa utulivu utaona kovu la mwiba au la kupe ambalo ng'ombe aliishi nalo. Ngozi hiyo ndiyo ninayoisifu, pamoja na mikono inayojua kuihudumia.

Kusini mwa Texas, Marekani, liko shamba la mifugo la King Ranch, lililoanzishwa na Richard King mwaka 1853. Ukubwa wake ni takriban ekari 825,000. Ukame ulipokiandama kijiji cha Cruillas, ng'ambo ya mpaka nchini Mexico, King alinunua ng'ombe wa pale, kisha akawaalika wanakijiji wenyewe wahamie kwake. Hao na wazao wao huitwa Kineños, na ujuzi wao wa farasi na ng'ombe ndio uliolijenga shamba. Mjini Kingsville shamba lina duka lake la matandiko ya farasi. Basi kampuni ya Ford ilipotoa pikapu ya F-150 yenye jina la King Ranch, toleo la mwaka 2001, viti vyake vilivikwa ngozi iliyofanana na ya tandiko: ya kahawia, isiyofunikwa, yenye chapa ya shamba, herufi W iliyopindapinda. Aliyenunua gari lile alinunua pia wajibu wa mwenye farasi, na wengi hawakulitambua hilo mpaka ngozi ilipoanza kukakamaa.

Kwa nini hukakamaa? Ngozi ni nyuzi nyembamba zilizosokotana. Kiwandani, baada ya kusindikwa, hutiwa mafuta ili nyuzi hizo ziteleze zenyewe kwa zenyewe kila mtu anapoketi na kuinuka. Gari lililofungwa madirisha likisimama juani, joto la ndani huweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi. Unyevu hutoka, mafuta huhama na kuharibika, nyuzi hugandana. Ufa wa kwanza huonekana karibu kila mara mahali pamoja: ukingo wa nje wa kiti cha dereva, pale paja linapoburuzwa wakati wa kupanda na kushuka. Hufuatia sehemu ya juu ya kiti cha nyuma, chini ya kioo. Ufa ukishafunguka, mafuta hayauzibi. Yanachoweza ni kuuzuia usiendelee. Ndiyo maana mtunzaji hodari huanza kabla ya kuitwa.

Kazi yenyewe huanza kwa usafi. Mchanga uliojificha kwenye mishono hukata ngozi na uzi, kwa hiyo hufyonzwa kwanza, halafu hufuata brashi laini. Sabuni ya kufulia haifai hata kidogo: ngozi ina asili ya tindikali kidogo, na magadi ya sabuni huiumiza. Hutumika sabuni ya ngozi iliyo pole, tena povu lake tu, kwa kitambaa kilichokamuliwa. Na hapa pana jambo linalomtofautisha fundi na mtu mwenye haraka. Fundi hulowesha kipande kizima, kutoka mshono hadi mshono. Ukisugua doa peke yake, maji yakikauka huacha mduara, na mduara huo ni mgumu kuondoka kuliko doa.

Kisha gari hukaa kivulini, ngozi ikauke polepole. Ndipo mafuta. Yale yanayosifika tangu zamani kwa matandiko huchemshwa kutoka mifupa ya miguu ya ng'ombe. Mafuta ya mguuni hubaki maji hata kwenye baridi inayogandisha mafuta ya tumboni, kwa hiyo hupenya vizuri. Wengine hupenda mafuta ya manyoya ya kondoo yaliyochanganywa na nta ya nyuki. Mafuta ya kupikia yaachwe jikoni, kwa kuwa mengi huchacha ndani ya ngozi. Vipulizio vya kung'arisha dashibodi navyo ninavipinga bila kusita. Hung'arisha juu, nyuzi zikabaki na kiu.

Mafuta hupakwa kwa kiganja, kwa sababu joto la mkono huyafungua na vidole huhisi panapokunywa upesi na panaposita. Yawe machache. Ngozi itabadilika rangi, itakoza. Mwenye gari aambiwe mapema, kwa sababu haitarudi yote ilivyokuwa. Iachwe ilale usiku kucha. Kesho ikandwe kwa vidole gumba kando ya mikunjo, ipakwe tena kidogo, iachwe tena. Anayemimina chupa nzima siku moja hupata kiti kinachopaka suruali mafuta na ngozi iliyolegea mpaka ikapwaya. Katika miji ya pwani yenye unyevu, kama Mombasa au Dar es Salaam, hualika pia ukungu.

Subira hii si ngeni kwetu. Wamaasai walilainisha mavazi yao ya ngozi kwa mafuta ya mifugo, yakavaliwa juani na vumbini. Anayeketi kwenye pikapu ya Texas na kitambaa mkononi anafanya kazi ya ukoo huohuo, na mimi naiheshimu sawasawa.

Basi ukipata gari kuukuu lenye viti vya ngozi vilivyokakamaa, usikimbilie kuvivisha vifuniko wala kuwaita wawambaji waviwambe upya. Dondoshea tone la maji mahali pasipoonekana, chini ya kiti. Likibaki juu, ngozi imefunikwa, na mafuta yako hayatafika popote; ifute tu. Likizama na kuacha weusi, tafuta kivuli, tafuta mafuta mazuri, na uipe ngozi hiyo siku kadhaa kabla hujaihukumu.