Umeme wa Nyumba Kutoka Tumboni mwa Gari

Tetemeko la ardhi na tsunami vilipoipiga pwani ya Tohoku, kaskazini mashariki mwa Japani, tarehe 11 Machi 2011, sehemu nyingi zilirudishiwa umeme kabla ya kupata petroli. Viwanda vya kusafishia mafuta vilisimama, barabara zilikatika, na foleni za vituo vya mafuta zikawa ndefu mno. Nissan na Mitsubishi zikapeleka huko makumi ya magari yao ya umeme, Leaf na i-MiEV, yasaidie kazi ya uokoaji na misaada, nayo yalisaidia kweli. Kasoro yake ilikuwa moja. Gari la namna hiyo lingeweza kuegeshwa nje ya jengo lenye giza likiwa na umeme wa kuwasha taa za jengo zima usiku kucha, na isipatikane njia ya kuutoa umeme huo.

Shida haikuishia Tohoku. Kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi kilipoharibika, TEPCO, kampuni inayosambaza umeme Tokyo na mikoa jirani, ilianza mgao. Magharibi mwa nchi umeme ulikuwepo, ila haukuweza kuvuka kwa wingi. Mashariki hutumia hezi 50 na magharibi hezi 60, urithi wa mitambo ya Kijerumani na ya Kimarekani iliyonunuliwa mwishoni mwa karne ya 19, na vituo vya kuugeuza umeme wa upande mmoja uwafae wa upande wa pili viliweza kupitisha takriban megawati 1,000 tu. Ndipo wazo la kila nyumba kuwa na akiba yake likaanza kuchukuliwa kwa uzito, na akiba iliyokuwa tayari imelipiwa ilikuwa imeegeshwa uani.

Leaf ya kwanza ilikuwa na betri ya kilowati saa 24, yaani uniti 24 kwa lugha ya mnunuzi wa LUKU, umeme wa kulipia kabla wa Tanzania. Nissan ilikadiria kwamba nyumba ya kawaida ya Kijapani hutumia uniti 10 hadi 12 kwa siku, hivyo gari lililojaa lingeihudumia kwa takriban siku mbili. Nyumba ya Dar es Salaam yenye friji, taa za LED, televisheni, feni na simu za kuchaji inaweza kumaliza siku kwa uniti mbili au tatu. Suala la wapi umeme uwekwe, basi, lilikuwa limekwisha. Lililobaki ni namna ya kuutoa, na hapo ndipo kazi yenyewe ya kihandisi ilipo.

Njia ya kwanza inayomjia mtu akilini ni kuurudisha umeme kupitia tundu lilelile la kuchajia usiku. Kwa Leaf haiwezekani. Chaja iliyomo ndani ya gari huchukua umeme wa AC wa nyumbani na kuufanya DC ili betri iupokee, na imeundwa kwenda upande huo tu. Kuifanya iende pande zote mbili kungetaka vipuri vingine ndani ya kila gari, hata la mteja asiyekuwa na haja navyo. Mitsubishi ilipita njia ya mkato: mwaka 2012 ikatoa kisanduku cha kubebeka kinachochomekwa kwenye i-MiEV na kutoa wati 1,500. Kinatosha kwa jiko la wali au taa na redio. Nyumba nzima hakiimudu.

Nissan ilipita kwenye tundu la pili la gari, lile la kuchajia haraka. Tundu hilo hufuata utaratibu wa CHAdeMO, uliotungwa na watengenezaji magari wa Japani pamoja na TEPCO wenyewe, na lina sifa moja iliyoamua kila kitu: nyaya zake mbili nene zinafika kwenye betri bila kupitia chaja ya ndani. Ukiwa hapo unaigusa DC ya betri yenyewe, takriban volti 360. Mashine ya kuigeuza kuwa AC, yaani inveta, inaweza kukaa nje kabisa. Nichicon, kampuni ya Kyoto iliyojulikana zaidi kwa kapasita, ikatengeneza sanduku la kufungwa nje ya nyumba, lenye uwezo wa kilowati 6, na mfumo mzima ukaingia sokoni katikati ya 2012. Sanduku hilohilo huchaji gari, na kwa kilowati 6 betri hujaa kwa takriban saa nne.

Naona uamuzi huu wa kuiweka inveta nje ya gari ndio bora kuliko yote yaliyofanyika katika mradi ule. Gari halikuongezewa uzito wala bei. Anayetaka kulisha nyumba analipia sanduku, asiyetaka halipi. Uamuzi huo una gharama yake pia, nami nitairudia.

Ukichomeka ile plagi nene, hakuna umeme unaopita mara moja. Kwanza plagi inajifunga isichomoke. Kisha sanduku linapima kama kuna uvujaji kati ya nyaya na bodi ya gari, kwa sababu kosa la DC ya volti 360 halimpi mtu nafasi ya pili. Likiridhika, gari linafunga swichi kubwa zilizomo ndani ya kasha la betri, nawe unazisikia zikigonga chini ya sakafu. Kuanzia hapo gari na sanduku huzungumza kwa nyaya nyembamba zilizomo ndani ya plagi hiyohiyo, mara kumi kwa sekunde: gari linataja volti zake, kiasi kilichobaki, na ampea za juu linazokubali kutoa. Sanduku linatii. Betri ikipata joto au ikishuka kufikia kiwango kilichowekwa, gari lina haki ya kukata bila kuomba ruhusa. Madaraka yamewekwa upande wa betri, na hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwa, maana yenye kuumia ikikosewa ni betri.

Upande wa nyumba, kipengele cha kwanza cha usalama ni kile mafundi wetu wanachokiita chenjiova, yaani swichi inayoiunganisha nyumba na chanzo kimoja tu cha umeme kwa wakati mmoja. Umeme wa gari ukiingia nyumbani huku waya wa mtaani ukiwa bado umeunganishwa, utatoka nje, utapanda transfoma kinyumenyume na kufika kwenye nguzo ukiwa na volti elfu nyingi, mahali ambapo fundi wa shirika la umeme anashika waya akijua umezimwa. Anayechomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani bila chenjiova anafanya kosa hilohilo, na linaua. Sanduku la 2012 lilikwepa hatari hii kwa njia rahisi: nyumba ilikuwa ama upande wa shirika ama upande wa gari, kamwe si pande zote mbili kwa pamoja. Masanduku ya baadaye yanaweza kushirikiana na umeme wa mtaani, lakini yanalazimika kulinganisha mawimbi yao nao kila wakati na kujitenga mara unapokatika.

Kuna kitu kidogo katika sanduku la mwanzo ambacho kinanipendeza sana. Umeme wa mtaani ukikatika, kompyuta ya sanduku nayo inazimika, na bila kompyuta hiyo swichi za gari hazifungwi. Betri imejaa, nyumba iko gizani, na wa kuanzisha mazungumzo hayupo. Dawa yake ilikuwa waya mwembamba unaochomekwa kwenye tundu la volti 12 ndani ya gari, lile la kuwashia sigara. Betri ndogo ya gari inaamsha sanduku, sanduku linaamsha betri kubwa, nyumba inawaka. Yeyote anayebuni mfumo wa akiba na ajiulize swali hilo mapema: giza likiwa kamili, nani anaanza?

Wengi huuliza kama kulisha nyumba kunaichosha betri. Kunaichosha kidogo, kama matumizi yoyote. Lakini injini ya Leaf ya kwanza ilikuwa ya kilowati 80. Nyumba inayochota kilowati moja au mbili ni mzigo mwepesi sana kwake. Kinachoiumiza betri ya lithiamu zaidi ni joto, hasa ikikaa imejaa hadi juu. Leaf ya kwanza haina mfumo wa kupooza betri kwa maji. Inategemea hewa inayopita chini. Mwaka 2012 wamiliki wa Phoenix, Arizona, walianza kulalamika kwamba magari yao yanapoteza uwezo mapema mno, na chanzo kikawa joto la jangwa. Ukweli huo unatuhusu sisi wa pwani moja kwa moja.

Na unatuhusu kwa sababu magari haya yanatufikia. Leaf zilizotumika zimeanza kuonekana Afrika Mashariki, na Nairobi ziliwahi kuwa teksi za NopeaRide kuanzia 2018. Zile zilizotoka Japani huja na lile tundu la CHAdeMO. Gari, kwa hiyo, linafika bandarini likiwa na uwezo wa kulisha nyumba. Sanduku linabaki Japani. Hii ndiyo ile gharama ya kuiweka inveta nje. Hata ukiagiza sanduku, limetengenezwa kwa nyumba za volti 100 na 200 za Kijapani, na sisi tunatumia 230 au 240. Ukinunua gari kama hilo, tazama upande wa kulia wa kipimo cha chaji kwenye dashibodi: kuna vijiti 12 vidogo vya afya ya betri. Kimoja kikipotea, takriban asilimia 15 ya uwezo imekwenda. Kila kinachofuata ni zaidi kidogo ya asilimia 6. Lenye vijiti 8 limebaki na karibu theluthi mbili. Kwa safari za mbali ni tabu, ila kwa nyumba inayotumia uniti tatu kwa siku bado ni akiba ya siku kadhaa.

Hapo ndipo njia ya pili inapoanza: kuifungua betri iliyochoka na kuipa kazi ya kukaa nyumbani moja kwa moja. Japani kazi hiyo ina kiwanda chake. 4R Energy, iliyoanzishwa na Nissan na Sumitomo mwaka 2010, ilifungua kiwanda mwaka 2018 katika mji wa Namie, mmoja wa miji iliyohamishwa watu baada ya ajali ya Fukushima. Pale moduli hupimwa, huwekwa madaraja, na zinazofanana ndizo zinazounganishwa tena.

Fundi wa kwetu anaweza kulifanya hili akiwa na adabu ya kazi. Kasha la Leaf ya kwanza lina moduli 48 za volti 7.5. Ukiunganisha 7 mfululizo unapata takriban volti 52, kiwango kinachokubaliwa na inveta nyingi za sola za volti 48, na moduli 42 zinatoa safu 6 za namna hiyo. Hatari kubwa iko kabla ya kufika huko. Plagi ya kukatia betri iliyopo sakafuni hugawa kasha vipande, lakini kila kipande bado kina volti za kuua. Glovu za umeme na vifaa vyenye mpini wa mpira si hiari, na mtu asifanye kazi hii peke yake.

Hatari ya pili inakuja baadaye, kimyakimya, kwenye mipangilio ya inveta. Betri za asidi hupewa mara kwa mara chaji ya kusawazisha ambayo huweza kupita volti 60. Safu ya moduli 7 ni jozi 14 za seli, na kikomo chake kinakaribia volti 58. Anayetoa betri za asidi, akaweka moduli za Leaf na kuacha mipangilio ilivyokuwa, ameandaa moto. Chaji ya kusawazisha izimwe, kikomo kiwekwe chini ya volti 58, na kila safu ipewe fyuzi yake na saketi ya ulinzi inayosoma kila jozi peke yake. Moduli ya Leaf ina vituo vitatu, na kile cha katikati kimewekwa kwa usomaji huo, hivyo hakuna sababu ya kukiacha bila waya.