Nyumba Moja Nyikani: Vitabu vya Bibi Laura Ingalls Wilder

Bibi Laura Ingalls Wilder wa Marekani alikuwa na umri wa miaka 65 kitabu chake cha kwanza kilipopigwa chapa, mwaka 1932. Hata kufika mwaka 1943 alikuwa amekwisha kutoa vitabu vinane. Kimoja chasimulia utoto wa mumewe. Saba vingine ni habari za jamaa yake mwenyewe: baba yake Charles, mama yake Caroline, na ndugu zake Mary, Carrie na Grace, waliohama mara kwa mara kwa gari la farasi wakitafuta shamba. Watu wengi huvisoma kama historia. Basi yatupasa kuuliza ni historia ya namna gani.

Kwanza tumpe sifa anayostahili. Mwandishi huyu ajua kazi ya mikono, naye aieleza hata msomaji aweza kuifuata. Aonyesha baba akitengeneza mlango bila msumari hata mmoja, na nyama ya paa ikikaushwa kwa moshi ndani ya gogo lenye uwazi. Katika kitabu cha "The Long Winter" cha mwaka 1940 asimulia baridi kali ya mwaka 1880 hata 1881 katika mji wa De Smet, nchi ya Dakota. Theluji ilifunga njia ya gari la moshi, na chakula kikaisha madukani. Jamaa wakasaga ngano kwa kinu kidogo cha kahawa, wakipokezana kutwa nzima, wakasokota majani makavu yawe kuni. Mwandishi halii wala hajisifu. Sauti ya kinu yatosha kutuambia njaa ilivyokuwa.

Vivyo hivyo katika habari za nzige walioharibu mashamba ya Minnesota katika miaka ya 1873 hata 1877. Ngano yaliwa yote, na baba aenda mbali kwa miguu kutafuta kibarua cha mavuno. Aliyepata kuona nzige wakitua shambani hahitaji mtu wa kumfafanulia sura hizo.

Walakini kuna mambo yaliyoachwa. Karibu na mwaka 1930 Bibi Wilder aliandika maisha yake katika kitabu kiitwacho "Pioneer Girl", kisichopigwa chapa hata mwaka 2014. Humo twasoma juu ya ndugu yake wa kiume aliyezaliwa mwaka 1875 akafa mwaka 1876, hajatimiza mwaka. Twasoma pia jinsi jamaa walivyofanya kazi katika nyumba ya wageni huko Burr Oak, Iowa, kisha wakaondoka usiku kwa sababu ya deni. Katika vile vitabu vya watoto hakuna mtoto huyo, wala Burr Oak, wala deni.

Simlaumu mtu kwa kunyamaza juu ya kaburi la ndugu yake. Lakini si hayo tu yaliyonyamaziwa. Katika ile baridi kali, mume na mke wengine walikaa nyumbani mwao pamoja na mtoto wao mchanga. Kitabu chawaondoa, jamaa waonekane peke yao. Mary alipopofuka alipelekwa chuo cha vipofu huko Vinton, na serikali ya Dakota ikalipa ada. Katika kitabu, gharama hiyo ni mzigo wa jamaa na wa mshahara wa Laura. Hata shamba lenyewe la Dakota lilipatikana kwa sheria ya mwaka 1862, iliyompa mtu eka 160 bila kuzinunua, mradi akae na kulima miaka mitano. Bibi Rose Wilder Lane, binti wa mwandishi, alisaidia sana kuvitengeneza vitabu hivi, naye alishikilia kwamba mtu ajitegemee wala asiitazamie serikali. Yamkini ndiyo sababu majirani na serikali wamepunguzwa. Wahenga wetu walisema mkono mmoja haulei mwana. Vitabu hivi vyataka tuamini kwamba uliwezekana.

Jambo zito kuliko yote ni ardhi. Mwaka 1869 Charles Ingalls alijenga Kansas katika nchi iliyokuwa mali ya Wa-Osage kwa mapatano, nao walikuwa hawajaiuza. Mwaka 1870 walikubali kuiacha, wakahamia nchi ambayo leo ni Oklahoma. Laura alikuwa mtoto wa miaka miwili au mitatu. Basi mengi aliyoyaandika katika "Little House on the Prairie", kitabu cha mwaka 1935, ni ya kusikia kwa wazazi. Hata hivyo anamweka mtoto aulizaye kwa nini wenyeji waondoke, na wazee wamnyamazisha. Swali limeandikwa, jibu halikuandikwa. Tena mahali pamoja kitabu kiliitaja nchi hiyo kana kwamba wenyeji hawakuhesabiwa kuwa watu. Msomaji mmoja alilalamika mwaka 1952. Mwandishi akakubali kosa lake, na neno likabadilishwa mwaka 1953. Mwaka 2018 chama cha wakutubi wa watoto wa Marekani kiliondoa jina lake katika tuzo yao, kwa sababu ya alivyowaandika wenyeji na watu weusi. Lakini katika kitabu hicho hicho jamaa yote yaugua homa, na anayewatibu ni daktari mweusi, George Tann, mtu aliyeishi kweli huko Kansas.

Hukumu yangu ni hii. Vitabu hivi visomwe, tena visomwe kwa sauti jioni, maana kazi na uvumilivu vilivyomo ni vya kweli. Lakini mtu mzima awe karibu, na mtoto akiuliza lile swali la Laura, asinyamazishwe. Nasi tunaotaka kuandika habari za babu zetu, tukumbuke kuandika jina la jirani aliyetupa mbegu, deni ambalo halikulipwa, na watu waliolima bonde lile kabla yetu. Wajukuu wakija kuyagundua wenyewe, watashuku hata yale tuliyoyasema kwa kweli.