"Afya Yako Ikoje?" Swali Jepesi, Jibu Gumu

Hebu jijibu kwanza: kwa ujumla, afya yako ikoje? Nzuri sana, nzuri, ya wastani au mbaya?

Swali hili limo kwenye madodoso mengi ya afya duniani, na sina ugomvi nalo lote. Mwaka 1997 Ellen Idler na Yael Benyamini walipitia tafiti 27 wakakuta kwamba, katika nyingi, jibu la mtu linaashiria uwezekano wa kufa mapema hata baada ya kuzingatia maradhi aliyonayo. Si mchezo.

Kasheshe inaanza tunapopanga majibu ya tajiri na maskini kwenye jedwali moja.

Nikiwa na dodoso langu Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, nilimwamkia mama mmoja shikamoo, kisha nikamuuliza. "Nzuri, tunamshukuru Mungu," akajibu kabla sijamaliza kusoma machaguo. Kwake salamu ilikuwa bado inaendelea! Baadaye kidogo akaniambia magoti hayamruhusu tena kubeba ndoo ya maji. Mimi nilishaweka tiki kwenye "nzuri".

Maji ya upande huo yana floraidi nyingi kutoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4. Ikizidi, meno ya watoto huota yakiwa na rangi ya kahawia, na baada ya miaka mingi mifupa na viungo vinaweza kukakamaa. (Sisemi magoti ya yule mama ni floraidi, sikumpima.) Lakini kama majirani zako wote wana meno hayo, utayaita ugonjwa? Ni meno tu. Mwenzake wa Njiro, mwenye bima na maji ya dukani, anapima presha na sukari mara kwa mara. Ikipanda kidogo tu, anajibu "wastani".

Amartya Sen aliliona hili India, akaliandika mwaka 2002: watu wa Kerala, wanaoishi muda mrefu zaidi, waliripoti maradhi mengi kuliko watu wa Bihar, jimbo maskini.

Dawa ipo, japo si kamili: msomee mtu visa vya watu wa kubuni, apime afya zao kwanza, ndipo ujue "nzuri" yake inaanzia wapi. Shirika la Afya Duniani lilifanya hivyo kwenye utafiti wake wa nchi nyingi wa 2002 hadi 2004. Kwenye dodoso langu visa hivyo vilikuwepo. Nilivikata mwenyewe, ili mahojiano yasizidi nusu saa.