Projekta Iulizwe Kwanza

Kompyuta ya filamu ikishaunganishwa na vyombo vya sebuleni, mtazamaji hubonyeza mara moja tu: projekta inawaka, amplifaya inaamka, taa zinafifia, filamu inaanza. Siku ya kuonyeshwa, karibu kila mfumo hupendeza. Mjuzi wa kazi hii hashangilii mapema. Huizima amplifaya kwa mkono, kisha huanzisha filamu upya.

Hapo ndipo ubora unapojitenga na ubahatishaji. Rimoti nyingi za infraredi zina kitufe kimoja ambacho alama yake ile ile huwasha na kuzima. Kompyuta inayoiga rimoti hiyo hurusha mwale unaowakawaka mara 38,000 hivi kwa sekunde, lakini hairudishiwi jibu lolote. Ikiamini chombo kimezimwa kumbe kinawaka, agizo lake la kuwasha ndilo litakalokizima. Umeme ukikatika na kurudi, mkanganyiko unazidi, kwa kuwa si kila chombo hurudi katika hali kilichokuwa nayo.

Hata hivyo infraredi isidharauliwe. Vyombo kadhaa hukubali alama mbili zisizo na vitufe kwenye rimoti zake: moja ya kuwasha tu, nyingine ya kuzima tu. Fundi aliyehangaika kuzitafuta, akakibandika kitoa mwale mbele kabisa ya jicho la amplifaya, ameshaonyesha kwamba anaijali kazi yake.

Njia ya pili ya kuviagiza vyombo, CEC, hupita ndani ya kebo ya HDMI, kwenye pini ya 13. Samsung huiita Anynet+, Sony huiita Bravia Sync, LG huiita SimpLink. Raspberry Pi yenye programu ya Kodi huweza kuitumia bila nyongeza. Kompyuta nyingi za kawaida haziwezi, ndiyo maana watu huchomeka kifaa cha USB kama kile cha Pulse-Eight. CEC inaruhusu kuuliza kama televisheni imewaka. Udhaifu wake ni kwamba kila kampuni imeitekeleza kwa namna yake, basi televisheni inayojiwasha usiku wakati kompyuta inasasisha programu si jambo geni. Mfumo bora huzima maagizo ya CEC usiyoyahitaji na kubakisha machache.

Lakini ukitaka kuona ufundi wenyewe, tazama waya wa mtandao. Projekta nyingi hufuata kanuni ya PJLink, iliyotoka Japani, na husikiliza kwenye poti namba 4352. Kompyuta ikiiuliza hali yake, projekta hujibu kwa tarakimu: 0 imelala, 1 imewaka, 2 inapoa, 3 inapata joto. Amplifaya za Denon na Marantz nazo hupokea maandishi mafupi: PWON huamsha, PWSTANDBY hulaza, na PW? huuliza.

Tofauti ya mafundi wawili huonekana papo hapo. Mmoja ameiandikia kompyuta isubiri sekunde 20 kisha ianze filamu, iwe taa ya projekta imeiva au la. Mwingine ameiandikia iulize na kuuliza tena hadi ipate 1, na ikikosa jibu imwambie mtazamaji ni chombo gani kimenyamaza. Huyu wa pili ndiye wa kulipwa vizuri.

Sauti pia ikaguliwe. Kabla ya filamu kuanza, mfumo mzuri huirudisha amplifaya kwenye kiwango cha kawaida, ili mlipuko wa jana usiwashtue watoto leo. Tena humwachia bibi rimoti yake ya zamani: akipandisha sauti mwenyewe, kompyuta inalitambua hilo na haimpingi.

Mwisho kabisa ni kuzima. Projekta ya taa huhitaji feni yake iendelee kuzunguka baada ya picha kuondoka, kwa hiyo kompyuta inayotawala hata soketi haipaswi kukata umeme wakati jibu lingali 2. Isubiri 0.