Hesabu ya Keki 31: Krismasi ya Utotoni kwa Thomas na Capote

Kumbukumbu za sikukuu ni mtego kwa mwandishi. Kila mmoja wetu anazo, na kila mmoja huziona tamu. Kwa hiyo anayeandika juu ya sikukuu za utotoni mwake humpata msomaji aliyekwisha kulainika kabla hajasoma mstari wa kwanza. Utamu huo wa bure ndio unaoharibu maandishi mengi ya aina hii. Jiko linanukia, bibi anatabasamu, watoto wamevaa nguo mpya, na kurasa zinakwisha pasi na jambo kutokea. Katika makala haya nazitazama nathari mbili fupi za Kiingereza zilizouepa mtego huo kwa njia mbalimbali, na kueleza kwa nini, kwa jicho la mfasiri, moja kati yake naiona ina haki zaidi ya kuletwa katika Kiswahili.

Ya kwanza ni A Child's Christmas in Wales ya Dylan Thomas, mshairi aliyezaliwa Swansea mwaka 1914. Chimbuko lake ni mazungumzo aliyoyatoa katika redio ya BBC mwaka 1945; mwaka 1952 aliirekodi kwa sauti yake mwenyewe mjini New York, na mwaka uliofuata akafariki dunia. Ya pili ni A Christmas Memory ya Truman Capote, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1924 na kulelewa kwa muda na jamaa za mama yake katika mji mdogo wa Monroeville, Alabama. Ilitoka katika jarida la Mademoiselle mwezi wa Disemba 1956.

Thomas anatuambia tangu mwanzo kwamba Krismasi zake zote zimechanganyika, hata hajui theluji ilianguka kwa siku ngapi wala yeye alikuwa na umri gani. Kwa kusema hivyo amejipa ruhusa ya kutia chumvi, nasi twamruhusu kwa furaha. Bata mzinga analiwa, pudingi inaletwa ikiwaka moto, wajomba wanalegeza vifungo na kulala mbele ya meko, shangazi mmoja amezidiwa na divai ya kienyeji na anaimba. Uzuri wote umo katika sauti: sentensi zake hukimbia na kugongana kama watoto wenyewe, na anayezisoma kimya amepata nusu tu ya haki yake. Lakini tuulize swali la jikoni. Chakula hicho kimetoka wapi? Akina mama na mashangazi wanapita na mabakuli, ila hatujui waliamka saa ngapi wala nani alilipia bata mzinga. Meza ya Thomas ni meza ya mtoto ambaye hakupata kuuliza bei.

Capote anaanza na bei. Mtoto wa miaka saba na jamaa yake wa kike wa miaka sitini na kitu, ambaye watu wazima wa nyumba ile humhesabu kuwa si mtu mzima, wanataka kuoka keki, nao hawana kitu. Basi mwaka mzima wanachuma. Wanauza ndoo za matunda ya mwituni na chupa za jamu waliyopika wenyewe. Wanakusanya maua ya maziko na ya harusi. Wanaua nzi kwa ujira wa senti moja kwa kila nzi 25. Fedha hizo zimefichwa chini ya ubao wa sakafu, uvunguni mwa kitanda. Siku ya kuzihesabu mtoto anapata dola 13 kamili, mwenzake anapata dola 12 na senti 73. Na kwa kuwa 13 ni nambari ya nuksi, senti moja inatupwa dirishani. Kokwa za pecan hawazinunui: wanaziokota chini ya miti ya wenyewe baada ya mavuno, na kuzisukuma hadi nyumbani katika kigari chakavu cha mtoto mchanga.

Zinapatikana keki 31, na hapo ndipo hadithi inapogeuka. Hazikuokwa ziliwe nyumbani. Zinapelekewa watu waliokutana nao mara moja au ambao hawakukutana nao kabisa: Rais Roosevelt, wamisionari walioko Borneo, mnoa visu apitaye mjini mara mbili kwa mwaka, dereva wa basi anayewapungia mkono kila siku. Baada ya kulipia stempu, mfuko ni mtupu. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo tumeizoea hata haitushtui. Capote ameirudishia uzito wake kwa kutuonyesha senti moja moja. Utamu wa hadithi yake umelipiwa, na msomaji ameona risiti.

Isidhaniwe kwamba hesabu hizo ni za karani. Tukizipima kwa kalenda, Krismasi pekee aliyokuwa nayo Capote katika umri wa miaka saba ni ile ya 1931, ilhali Roosevelt aliingia Ikulu mwezi wa Machi 1933. Yamkini naye, kama Thomas, ameziunga sikukuu kadhaa kuwa moja. Tofauti yao ni kwamba Thomas anatuonyesha mshono, na Capote anauficha chini ya sarafu. Tarehe zimelegea, lakini gharama zimekaza. Nasi twaamini gharama.

Sasa nije kwenye kazi ya kufasiri, kwani huko ndiko hukumu inakopimwa. Neno la kwanza gumu ni la udugu. Katika Kiingereza, mwanamke huyu ni binamu wa mbali, na msimulizi humwita rafiki yangu, bila kumpa jina. Adabu yetu ingemtaka mtoto wa miaka saba amwite bibi. Lakini tukisema bibi tumempa heshima ya umri ambayo nyumba ile ilimnyima, na urafiki wa wanyonge wawili umegeuka malezi ya kawaida. Na abaki rafiki yangu, hata kama sikio la pwani litashtuka. Mshtuko huo unamfaa.

La pili ni keki yenyewe. Keki ya matunda itamletea msomaji wetu picha ya embe na ndizi. Mimi nachagua keki ya zabibu, maana zabibu kavu tunazijua, na ndizo zitakazodaiwa baadaye katika hadithi. Ugumu zaidi umo katika orodha ya manunuzi: tangawizi, vanila, viungo, na nanasi la kopo kutoka Hawaii. Kwetu visiwani tangawizi na viungo haviadimiki jikoni, na mananasi hurundikwa kando ya barabara. Kilichokuwa anasa Alabama kwetu ni cha kila siku. Wako watakaotaka kutafuta mbadala ulio ghali hapa. Mimi naona heri orodha iachwe ilivyo, mradi sarafu zisikike zikihesabiwa kabla yake.

La tatu ni wiski. Najua baadhi ya wasomaji wangependa iondolewe. Lakini hadithi yenyewe inasema kuuzwa kwake kulikatazwa na sheria za jimbo, na muuzaji ni jitu lenye makovu linaloogopwa na wote. Mtu huyo anataja bei, dola mbili. Anazipokea sarafu ndogo ndogo, anazitazama, kisha anazimimina tena mkobani na kuomba alipwe keki moja. Hapo ndipo inapoahidiwa zabibu za ziada. Tukiifuta wiski tumemfuta mtu huyo na ukarimu wake. Na tumefuta pia usiku ule mabaki ya chupa yanaponywewa, mtoto naye akiwemo, jamaa wakafoka, na rafiki yake akalia kitandani. Hadithi haimtetei, inamwacha alie.

Nina lawama moja. Mwisho wa hadithi, msimulizi anatazama mbinguni akitarajia kuona tiara mbili zilizokatika uzi. Picha hiyo ni nzuri mno, na inanukia sukari ile ile ambayo mwandishi aliikwepa kurasa zote. Wala hakuihitaji, kwani mwisho wa kweli umekwisha kutangulia. Mtoto ameshapelekwa shule ya kijeshi, na rafiki yake anaendelea kuoka peke yake. Humpelekea keki iliyo bora kuliko zote, na katika kila barua hutia sarafu ya senti 10 iliyoviringwa katika karatasi ya chooni, ili aende sinema kisha amsimulie.

Thomas apewe mshairi mwenye pumzi ndefu amtungie upya muziki wake katika Kiswahili. Bila hivyo zitabaki theluji na nyama. Capote anaweza kuvuka bahari kama alivyo. Watu wetu wanajua maana ya sahani iliyofunikwa kawa na kupelekwa kwa jirani, na wanajua pia kwamba aliyeipeleka aghalabu ndiye aliyebakiwa na ukoko. Senti 10 za mwanamke yule hazihitaji tanbihi.